Video Haijaharibika, Wacha Kuifuta

Kuna sentensi nimeisikia Makutano hapa Meru, nikaisikia Embu mjini, na juzi nikaisikia ndani ya matatu tukipita Chuka: "Hii video imeharibika." Halafu msee anaifuta papo hapo, ndio apate nafasi kwa simu. Manze, hiyo huniuma. Nyingi ya zile watu huniletea ati zimekufa ziko hai kabisa. Kilichokataa ni TV, ama flashi, ama ile programu ya kuchezea video.

Wacha nitoe mfano wa kwetu nyumbani.

Babu yangu tulimzika Runyenjes. Kama mazishi mengi ya siku hizi, kulikuwa na hema, viti vya plastiki, na jamaa wa kurusha laivu Facebook na simu yake kwa tripodi. Kamati ilimlipa. Binamu yangu yuko Qatar na siku hiyo alikuwa kazini, akasema ataangalia baadaye. Shosho naye alikuwa amekaa pale mbele kabisa, lakini aliniambia siku hiyo hakuona kitu wala kusikia kitu. Alitaka kuona tena polepole, kwa TV yake, hasa ile sehemu dadake babu alisimama kuongea.

Siku ya 34 binamu akafungua linki. Hakuna kitu.

Hii wengi hawajui, so skizeni vizuri. Tangu Februari 19, 2025, laivu mpya ya Facebook hukaa siku 30 tu, baada ya hapo inaondolewa. Zile za zamani pia walisema watazifuta, mwenye peji akipewa siku 90 za kuzipakua baada ya kupata notisi. Na notisi inaenda kwa nani? Kwa mwenye peji, yule jamaa wa tripodi. Shosho hapati notisi. Mtu anaweza kuwa na harusi tatu na mazishi mawili ya ukoo kwa peji ya mtu ambaye hata namba yake ya simu hana tena.

Sisi tulikuwa na bahati. Jamaa alikuwa amepakua yetu mapema, halafu akaibana na programu fulani ya simu ndio isijaze memori, akafuta ile ya kwanza. Masaa manne ya mazishi kwa faili moja ya GB 3.1. Hiyo ndiyo ilikuwa nakala pekee iliyobaki duniani. Nikaichukua kwa flashi, nikapanda gari hadi Runyenjes, nikachomeka kwa TV. Sauti ikaanza. Picha, giza tupu. Shosho akakaa hapo anaskiza kama redio, akaniuliza kama ni stima iko chini.

Mjomba akasema, "Hiyo imeharibika, wachana nayo." Unaona sasa? Hapo ndipo mtu mwingine angeifuta.

Watu wa Meru hii mtaielewa haraka. Ukipewa miraa imefungwa kwa majani ya ndizi, hujui ndani ni giza ama ni kangeta mpaka ufungue. Jina MP4 ni yale majani. Ndani kuna picha iliyofungwa kwa njia moja na sauti iliyofungwa kwa njia nyingine, na hizo njia ndizo huitwa kodeki. Ile inaitwa H.264 ilitoka 2003, na karibu kila TV yenye tundu la flashi inaisoma. H.265 ilikuja 2013, inabana vizuri zaidi, lakini TV ya zamani haiijui. Programu ya yule jamaa ilikuwa imebana picha kwa H.265 na kuacha sauti kwa njia ya kawaida. Ndiyo maana sauti ilitoka na picha ikakataa. Kubadilisha jina la faili kutoka .mkv kuwa .mp4, vile watu hufanya, ni kubadilisha majani tu. Miraa ni ileile.

Jaribio la kwanza kabla hujafuta chochote: fungua na VLC. Ni ya bure, haina matangazo, ilianza kama mradi wa wanafunzi wa chuo kimoja Ufaransa mwaka wa 1996, na inabeba kodeki zake yenyewe. Ikicheza kwa VLC, video iko sawa, shida ni hicho kifaa kingine. Nilifungua laptopu yangu mezani, babu akatokea, picha safi. Mjomba akanyamaza.

Basi kilichobaki ni kuigeuza. Nilitumia HandBrake, nayo ni ya bure, nikaweka itoe MP4 ya H.264. Laptopu yangu ni mzee, ilinguruma usiku mzima. Saa kumi alfajiri stima ikapotea, na betri yangu hukaa dakika chache tu. Asubuhi nikapata faili ya GB kadhaa ambayo hata VLC haikuifungua. Hii sasa ndiyo iliyoharibika kweli, na sababu yake inafaa kujulikana: MP4 kwa kawaida huandika ukurasa wake wa yaliyomo mwishoni kabisa. Ukikatiza katikati, mambo yako ndani lakini hakuna ramani. Ndiyo maana watu wa OBS hushauri urekodi kwa MKV kwanza halafu ugeuze, juu MKV ikikatizwa unabaki na ile sehemu iliyokuwa imeandikwa. Kama wewe hurekodi kitu hakirudiwi, kama mazishi, hiyo ni setingi ya kubadilisha leo.

Nikarudia usiku wa pili. Ikatoka GB 4.6, kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu kodeki ya zamani inahitaji nafasi zaidi. Nikaiweka kwa flashi ya GB 32. Flashi ikakataa, ati faili ni kubwa mno. Nafasi iko, GB 32 jameni! Kumbe flashi ilikuwa imepangwa kwa FAT32, na FAT32 haikubali faili moja ya kufika GB 4, hata flashi iwe tupu. Nikaipanga upya kwa exFAT, ikakubali faili, lakini sasa TV haioni flashi kabisa. Nilicheka, lakini si cheko la furaha. Mwishowe nikarudisha FAT32 na kukata video vipande viwili kwa FFmpeg bila kuigeuza tena. Kukata hivyo huchukua dakika chache na hakupunguzi ubora.

Shosho aliona kipande cha kwanza chote bila kusema neno. Cha pili, dadake babu alipoanza kuongea, akaniomba nirudishe nyuma. Tukarudisha mara tano.

Sasa najua kuna mtu atasema, "Wewe unafundisha watoto kuiba video za watu." Hapana. YouTube wenyewe masharti yao hayaruhusu kupakua nje ya njia walizoweka, na wasanii wetu wanaoimba Kimeru na Kiembu wanategemea watu wawatazame hukohuko. Ukichukua wimbo wa msee na kuuweka MP3 kwa flashi hamsini za matatu, hiyo sitetei. Tena ile tovuti inakuahidi MP3 ya 320 kutoka YouTube inakudanganya. Sauti yenyewe YouTube hukaa karibu 128 mpaka 160, na kuigeuza hakuwezi kurudisha kile hakikuwepo. Unapata faili kubwa yenye sauti ileile ama mbaya zaidi.

Hizo tovuti za bure za kugeuza faili niziseme kidogo. Machi 2025, ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, ilitoa onyo kwamba kuna zinazotumiwa kuingiza programu hasidi kwa kompyuta za watu. Na huku kwetu wengi hawatumii kompyuta, wanaweka APK ya kutoka tu linki ya WhatsApp. Jiulize, programu ya kupakua video inataka ruhusa ya kusoma meseji zako kwa nini? Meseji zako ndiko M-Pesa iko.

Kwa wale hutumia yt-dlp, na nawajua mko wengi hapo chuoni: ikianza kukupa kosa la 403 ghafla, mara nyingi simu haina makosa na bando haina makosa. YouTube wamebadilisha kitu upande wao. Isasishe kwanza, ndipo uanze kulia. Na ukipata video bubu, ni kwa sababu YouTube huweka picha kando na sauti kando, na bila FFmpeg hakuna wa kuziunganisha. Ukivuta ya juu ya 1080p utapewa VP9 ama AV1, na hapo TV ya shosho itarudi kwa giza lake.

Lakini maoni yangu hasa ni haya, na najua najiharibia soko kwa sababu mimi pia hurusha laivu za watu. Kamati ya harusi ama mazishi isimalize kulipa mtu wa video mpaka aketi sebuleni hapo nyumbani, achomeke flashi kwa TV ya hapo nyumbani, na video icheze mwanzo, katikati na mwisho. Linki si kazi iliyokamilika. Linki ni kitu cha siku 30. Rafiki yangu tunayefanya naye kazi ameniambia hiyo ni kuongeza masaa bila kuongeza pesa. Sawa, ongeza pesa. Useme bei mapema, familia zitalipa, kwa sababu hema huwa linalipiwa na hema halibaki na mtu.

Kama kuna sherehe ya kwenu ilirushwa Facebook ndani ya mwezi huu, mpigie huyo jamaa leo umwombe faili yenyewe, ile haijabanwa. Na ikikataa kucheza, usiifute. Nitumie picha ya kile TV inasema na uniambie flashi ni ya GB ngapi, tutaiangalia pamoja.