Kasi ya Kompyuta na Amana ya Nyaraka

Imekuwa desturi hapa Uvira, tokea Kavimvira hadi Kalundu, kila kompyuta inapogoma au kuzimika ghafla, kuutupia lawama umeme wa Ruzizi. Na madhali umeme huo hupanda, hushuka na kukatika bila ya taarifa, dhana hiyo aghalabu huwa sahihi. Walakini ipo hitilafu nyingine, ambayo baadhi ya mafundi wetu huizua kwa mikono yao wanapoiongezea kumbukumbu ya mashine kasi kupita ile iliyopangwa kiwandani, ili muuzaji apate la kuisifia, na mnunuzi asiambiwe lolote.

Umeme wa ukutani, ambao ni volti 220, hupunguzwa kwanza katika pawasaplai, ukafika kwenye ubao mama kwa volti 12, hata vibao vya kumbukumbu vya aina ya DDR4 vikapokea volti 1.2 tu. Atakaye kasi zaidi aghalabu huipandisha hadi 1.35, na katika tofauti hiyo ndogo ndimo ilimo taabu yote, kwani ikipungua, data huharibika, na ikizidi, joto hupanda; na mashine iliyotulia Bukavu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, haina dhamana ya kutulia huku mwambaoni, mita 770 na ushei, ambako hari ya adhuhuri huingia hadi ndani ya kasha.

Fundi mwenye insafu haanzi na volti. Huirejesha kwanza mipangilio ya kiwandani, akaiacha programu ya Memtest86 ikague kumbukumbu usiku kucha kwa umeme uliopitia stabilaiza. Makosa yakitoweka, ameijua taksiri ya kasi. Yakibaki, hujaribu kibao kimoja kimoja, maana kilicho kibovu hakiponywi na volti yoyote. Vibao vikiwa vizima, ndipo apandishe volti kwa sehemu zake za mia, akikagua upya kila mara.

Nayasema haya kwa uchungu, kwa kuwa mashine hizi ndizo zinazochapa hati za viwanja na vyeti vya watoto wetu, na kumbukumbu yenye kosa haipigi kelele: huenda ikageuza tarakimu moja, faili likahifadhiwa na uongo wake, na mwenye hati asitambue mpaka siku ya shauri. Kwa hiyo nataka mnunuzi aandikiwe katika risiti kasi na volti za mashine anayokabidhiwa, na duka lolote linalochapa nyaraka za watu lisitumie kabisa kompyuta iliyoongezewa kasi.