Masini kuukuu bado iko na kazi



Mwezi huu tuongee juu ya ile kompyuta ya mkononi yenye kulala juu ya kabati. Ukiiwasha, inakwenda pole pole kama mzee anayepanda Mont Goma na mzigo. Mtoto anakuambia: "Papa, hii imekufa, tununue ingine." Lakini wewe unajua hali. Mabenki ya Goma yalifunga milango Januari 2025, na dola ikawa kitu cha kutafuta kwa jasho. Na mtoto anapaswa kuandika TFC yake. Utafanya nini?

Kwanza tujue ugonjwa. Mara nyingi chuma si kibovu. Ni sistemu, ile programu kubwa inayoongoza zingine zote, ndiyo imekuwa nzito kuliko nguvu za masini. Windows 10 ilitoka mwaka 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikamaliza kuihudumia kwa kawaida. Windows 11 inataka memori ya gigabaiti 4 kwa uchache, nafasi ya gigabaiti 64 ku diski, na prosesa ya miaka ya karibuni. Masini nyingi za okazio haziwezi. Kuna wanaoiingiza kwa nguvu, ao wanaoweka ile ya wizi yenye virusi. Ujihadhari.

Dawa ingine iko: Linux. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Finland, aliianza mwaka 1991, na watu wa dunia nzima wakaongeza mikono. Ni ya bure, na sheria yake inakuruhusu kuinakili na kumpa jirani. Iko na watoto wengi. Linux Mint Xfce inafaa masini yenye memori ya gigabaiti 2, vizuri zaidi 4. antiX ni nyepesi kupita: inaweza kutosheka na megabaiti 512, na inatolewa hata kwa masini za zamani za biti 32.

Ufanye hivi:

1. Nakili kazi zako zote ku diski ingine. Kuweka sistemu mpya kunaweza kufuta yote. Ukiruka hatua hii, TFC na picha za marehemu babu zitakwenda, na usitegemee fundi kuzirudisha.

2. Tafuta kle ya USB ya gigabaiti 8 isiyo na kitu cha maana, maana nayo itafutwa. Shusha faili ya sistemu ku intaneti. Ile ya Mint iko karibu gigabaiti 3, na megabaiti ni bei. Basi vijana kumi wachange: faili moja itawatosha wote. Uiandike ku kle kwa programu ya Rufus. Kuinakili kama picha haitoshi.

3. Zima masini, chomeka kle, uwashe ukigonga F12 (Dell na Lenovo mara nyingi) ao F9 (HP). Chagua kle. Linux itafunguka bila kugusa diski. Chagua Kifaransa ili klavye ifuate, kisha ujaribu Wi-Fi na sauti. Kama kitu kinakataa, uliza kwanza, usiendelee.

4. Ukiridhika, ndipo uiweke kabisa. Ungoje saa umeme uko imara. Ukikatika katikati, na batri imechoka, utaanza upya.

Utakuta LibreOffice ndani yake. Inafungua maandishi ya Word. Profesa akitaka Word, hifadhi kwa docx. Ukienda kuchapisha, peleka PDF ili kurasa zisiruke. Lakini tusidanganyane: programu nyingi zilizotengenezwa kwa Windows hazitakubali. Kama kazi yako inategemea moja ya hizo, usibadilishe. Na kurasa ishirini za intaneti kwa mara moja zitachosha masini ndogo hata na Linux.

Tena, vumbi la mawe yetu ya volkano linaziba feni. Fundi aifungue, aipanguse. Na kama mna dola chache, zitoeni kwa memori ao diski ya SSD, kabla ya kuwaza masini ingine.

Nawe kijana wa Rubaya ao wa Walikale, neno hili ni lako. Tantali inayotolewa ku koltani inaingia ndani ya kompyuta, na bati ya kasiterite ndiyo inaunga vipande vyake. Baba na kaka zetu wanashuka shimoni kuvitafuta, na wengine hawarudi. Masini ikitupwa wakati ingeweza kufanya kazi miaka mine zaidi, ni jasho lao tunatupa. Kabla ya kusema imekufa, mpe kijana mmoja kle na siku moja ya Jumamosi.

Kazi njema.