Lakabu Isipewe Kazi ya Bawabu

Mzazi anayetaka kumpeleka mwanawe Marekani kusoma huuliza mambo mawili: karo ni kiasi gani, na usalama ukoje. Hayo ni maswali ya haki. Lakini lipo la tatu ambalo nalo lina uzito wake: huyo mtoto atakula na nani?

Nauliza hivi kwa sababu Marekani kuna aina ya chuo ambayo wengi wetu hatuijui sana. Si chuo kikuu chenye maelfu kwa maelfu ya wanafunzi, bali ni chuo kidogo, ambamo kijana hafungwi na fani moja tangu siku ya kwanza. Husoma fasihi, hisabati, historia na sayansi, kisha ndipo achague moja ya kuzamia. Wanafunzi hulala huko huko, hula huko huko, na kwa miaka minne huonana asubuhi na jioni. Marehemu Wangari Maathai alisoma katika chuo cha namna hiyo, kule Atchison, Kansas, kuanzia 1960 hadi 1964, chini ya masista wa Kibenedikti.

Mfano wangu leo ni chuo cha Swarthmore, karibu na mji wa Philadelphia. Kilianzishwa mwaka 1864 na Waquaker, dhehebu ambalo lina wafuasi wengi kwetu huko Kaimosi na Magharibi ya Kenya. Wanafunzi wake ni kama 1,600 tu. Mtu angedhani kwamba mahali penye watu wachache namna hiyo, wanaojuana kwa sura, hapana nafasi ya kubandikana sifa. Wapi! Sifa hubandikwa huko kama kwingineko.

Huko nje, mwanafunzi wa Swarthmore hudhaniwa kuwa ni mtu wa vitabu tu, asiyelala wala kucheka. Wenyewe wameigeuza sifa hiyo mzaha. Wamepiga chapa fulana zenye maneno ya kwamba alama hii, kama ningesoma kwingineko, ingekuwa A. Wana na mbio wanazozikimbia ndani ya maktaba ya McCabe, huko ghorofa ya chini, wakizunguka makabati ya vitabu. Na mshindi hutunukiwa karatasi ya chooni, kwa kuwa McCabe mwenyewe alikuwa mkubwa wa kampuni iliyotengeneza karatasi hizo. Mzaha wa namna hii sina ugomvi nao. Mtu akijicheka mwenyewe, hapana aliyedhulumiwa.

Ubaya huanza pale lakabu inapopewa kazi ya bawabu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, wasichana wa chuo hicho walikuwa na vyama vyao vya starehe na urafiki, vilivyojiita kwa herufi za Kigiriki. Asiyealikwa haingii. Chama kimoja kilimkataa msichana kwa sababu tu alikuwa Myahudi. Mwanachama wa chama hicho hicho, Molly Yard, hakuweza kulimeza jambo hilo. Yeye na wenzake walipiga kampeni, na mwaka 1933 vyama vya wasichana vikafutwa. Bibi huyo ndiye aliyekuja kuongoza chama kikubwa cha kutetea haki za wanawake nchini Marekani, kuanzia 1987 hadi 1991. Basi tusiseme kwamba mambo ya nani kakaa na nani ni ya kitoto. Mwingine siasa yake yote ameianzia hapo.

Vyama vya wavulana vilibaki. Mwezi wa Aprili 2019 magazeti ya wanafunzi yalichapisha hati za chama kimojawapo, za miaka ya nyuma, zilizojaa matusi juu ya wanawake na dharau kwa watu wa rangi nyingine. Wanafunzi wakaenda kukaa ndani ya jumba la chama hicho, hawatoki, mpaka vyama viwili vilivyosalia vikajivunja vyenyewe. Yaliyosemwa kwa kicheko nyuma ya mlango uliofungwa yalisomwa na ulimwengu mzima.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha 1968. Ofisi ya chuo ilitunga ripoti juu ya wanafunzi weusi, ikawekwa maktaba ili kila apendaye aisome. Majina hayakuandikwa, ila habari za wazazi wao na alama zao za mitihani zilikuwamo. Sasa weusi walikuwa wachache mno. Kuficha majina kulisaidia nini? Kila mmoja alijulikana. Januari 1969 wanafunzi hao waliikalia ofisi ya kuandikisha wanafunzi, wakidai weusi zaidi wapokewe, na wao wasikilizwe. Tarehe 16 rais wa chuo, Courtney Smith, alifariki ghafla kwa maradhi ya moyo, nao wakatoka kwa kumpa heshima. Mwaka 1970 chuo kilikuwa na nyumba ya utamaduni wa watu weusi.

Wapo wanaolalamika kwamba nyumba kama hizo, na zile meza za chakula ambapo weusi huketi na weusi, ndizo zinazoleta utengano. Mimi siafikiani nao. Mpwani anajua tofauti ya baraza na lango. Baraza iko nje ya nyumba. Wazee wa rika moja hukaa hapo jioni kupumzisha nafsi, na mpita njia akitoa salamu husogezewa nafasi. Lango lina komeo. Aliyekaa barazani na wenziwe hakumnyima mtu kitu. Aliyeshika komeo ndiye wa kuulizwa.

Sisi wa pwani tunaambiwa ni wavivu. Husemwa kwa kicheko, nasi wakati mwingine tunacheka. Lakini kijana wa Lamu au Kwale anapoomba kazi, na mwenye kuajiri akakumbuka ule mzaha, mzaha umekwisha hapo. Kijana amekosa riziki. Kurani, katika sura ya Al-Hujurat, inakataza watu kuitana kwa majina ya kudhalilishana, na nadhani hii ndiyo hekima yake: jina ovu halibaki mdomoni.

Dawa yake siioni katika hotuba. Chuoni nilikosoma Kurani, mwenzetu mmoja alikuwa na kigugumizi, na watoto wakamwita kwa kilema hicho. Mwalimu hakutukaripia. Alimpa kazi ya kuwasikiliza wadogo masomo yao, kwa kuwa alihifadhi kuliko sisi sote. Haukupita mwezi ile lakabu ilikufa, kwa maana kila mtoto alimhitaji. Watu wakishirikishwa kazi wanayohitajiana, sifa za kubandikwa hukosa gundi.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, ukipata barua ya chuo kidogo yenye picha za majani mabichi na vijana wanaocheka, furahi, ni neema. Kisha mwandikie mwanafunzi aliyeko huko, umuulize: vyama vya huko huingiwaje? Nani hufanya kazi na nani? Mgeni akiingia ukumbi wa chakula na sahani yake mkononi, husogezewa kiti, au huachwa asimame? Majibu hayo hayamo katika kitabu cha karo.