Kompyuta Inapoganda, Amana Iokolewe Kwanza



Wapenzi wasomaji, wiki hii twazungumzia chombo ambacho kimeshaingia majumbani mwetu, na amana tunazokikabidhi.

Mama mmoja wa mtaani petu, mweka hazina wa kikundi cha akina mama, alitujia baada ya Alasiri akiwa na huzuni. Kompyuta yake ya mezani huwaka vizuri, kisha baada ya dakika chache huganda: kishale hakisogei, na haizimiki ila kwa kubonyeza kitufe kwa muda mrefu. Ndani yake mna hesabu za michango ya miaka minne: nani ametoa, nani amekopa, nani amebakisha kiasi gani. Daftari alikwisha kuliacha.

Twakiri kwamba tulimpa shauri baya. Tulimwambia azime na kuwasha tena. Akafanya hivyo siku mbili, na ndani ya kompyuta ikaanza kusikika sauti ya kugonga. Ndipo tukamwita kijana wetu mmoja, fundi mwaminifu, naye akatuelimisha.

Alisema kuwa diski ya kuzunguka ina sahani zinazokwenda mbio maelfu ya mizunguko kwa dakika, na kichwa kinachozisoma huelea juu yake bila kuzigusa. Sehemu moja ikiharibika, diski huirudia tena na tena ikijaribu kuisoma, na kompyuta hukaa ikingojea jibu. Kungojea huko ndiko tukuitako kuganda. Kwa hiyo kila tulipoiwasha, tulikuwa twamtwisha mgonjwa mzigo mwingine.

Kompyuta ile ilikuwa na diski mbili: moja ya kuendeshea mashine, nyingine ya kuhifadhia faili. Fundi aliizima, akachomoa waya wa umeme ukutani, kisha akaitenga ile ya pili. Alipoiwasha, ilifanya kazi nusu saa bila kuganda. Akairudisha kwa waya mpya wa data, kwa kuwa waya mbovu huleta dalili zizo hizo. Ikaganda tena. Hapo alijua ugonjwa uko katika diski yenyewe. Lau ingeganda hata ilipotengwa, angetafuta penginepo: joto, kumbukumbu, au diski ya kwanza.

Hakukimbilia programu ya kutengeneza diski, maana ingeichosha zaidi na huenda ingeimaliza. Alileta diski mpya ya nje akaanza kunakili kile ambacho hakina badali: hesabu za kikundi. Picha zilifuata. Alhamdulillah, hesabu zilipatikana zote. Picha za harusi ya binti yake nyingi hazikurudi.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini iliyo katika diski moja huoza. Basi twawausia mambo manne.

Kwanza, kilicho muhimu kiwe na nakala tatu, na moja ikae nje ya nyumba, kwa jamaa mnayemwamini. Diski zisizozunguka nazo hufa, tena aghalabu bila sauti wala onyo.

Pili, kompyuta ikianza kuganda au kugonga, acheni kuiwasha ovyo. Wala msiifungue diski nyumbani, kwani chembe ya vumbi yatosha kuiharibu.

Tatu, diski ya nyumbani ina picha za wake na mabinti zetu ambazo si za macho ya kila mtu. Mchagueni fundi kwa uaminifu kabla ya bei, na ikiwezekana mtu wa nyumbani awepo kazi inapofanyika. Diski iliyokufa isitupwe jaani ikiwa nzima, ivunjwe kwanza.

Nne, hesabu za watu zichapishwe kila mwezi na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yatuamrisha kuandika madeni na kuyashuhudisha. Maandishi yasiyoweza kusomwa siku ya madai yatamfaa nani?

Mama yule amerudia daftari lake, na kompyuta anayo vilevile. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuzichunga amana zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.