Bondeni na Bondeni Kwetu

Jamani, mwenzenu sikupiga makofi.

Jumamosi ile tulikuwa tumekaa hapa Ifakara, vijana kumi na kitu na madaftari yetu, tunasomeana kazi. Mshikaji wetu mmoja aliyezamia Bondeni, yaani Afrika Kusini, akasoma insha yake. Alifanya kazi msimu mmoja kule Cape, kwenye shamba la zabibu la familia. Asubuhi kuchuma, jioni mezani na wenye shamba: mkate wa moto, jibini, nyama ya kuchoma, na mvinyo wa nyumba hiyo hiyo wenye jina la babu yao kwenye chupa. Kaeleza vizuri, simnyimi haki yake. Mate yalitutoka. Watu wakashangilia.

Mimi nikanyoosha mkono. Zabibu unazijua kwa majina, Chenin Blanc, Pinotage, kama unataja wajomba zako. Sasa mama yako hapo ng'ambo ya mto, mwaka huu kapanda mpunga gani? Akacheka. "Mpunga tu, si mpunga?"

Ugomvi wangu unaanzia hapo.

Mpunga tu! Wakulima wetu wana Supa, wana Mbawambili, Shingo ya Mwali, Kula na Bwana. Nani kati yetu tunaojiita washairi ametunga jina la kuishinda Shingo ya Mwali? Kuna Saro 5, mbegu iliyotoka kwa watafiti. Mkulima anayechagua kati ya mbegu inayojaza gunia na ile inayonukia hadi kwa jirani ana kisa cha kutosha insha tatu.

Na bibi anayepika pombe ya mahindi nyuma ya nyumba je? Hiyo si kazi ya familia? Ina kimea, ina moto wake, ina siku zake za kuchachuka, ina wateja wanaojua mkono wa nani umepika. Ya wenzetu tunaiita ustaarabu, tunaiandikia insha. Ya bibi tunaipita tumeziba pua. Hii ni kasumba, hakuna jina jingine.

Kesi ya pili ni nzito zaidi. Chupa ile ilikuwa na jina la mwenye shamba. Waliochuma pamoja na mshikaji wetu, insha nzima, hakuna hata mmoja aliyepewa jina. Mvinyo wa kwanza wa Cape ulikamuliwa mwaka 1659, na kwa zaidi ya miaka 150 mizabibu ile ilihudumiwa na watumwa, wengine wametolewa Msumbiji na Madagaska, majirani zetu kabisa. Baadaye vibarua wakawekewa utaratibu ulioitwa "dop": sehemu ya ujira unalipwa kwa vikombe vya mvinyo, mpaka ulevi unakuwa mnyororo. Mwaka 2012 vibarua wa zabibu kule De Doorns waligoma. Walikuwa wanapata randi 69 kwa siku, wakadai 150. Mwaka 2013 kima cha chini kikapandishwa hadi randi 105.

Chakula cha watu hakikataliwi, sawa. Ila anayetoka mezani bila kuuliza aliyechuma kala nini na kalala wapi, huyo alikuwa mgeni tu. Mwandishi anauliza.

Najua mtasema: acha watu waandike raha bwana, wewe kila kitu siasa. Haya, andikeni raha. Andikeni wali wa mpunga mpya na kitoga wa mto Kilombero, sufuria ikifunuliwa tu mtaa mzima una habari. Lakini raha hiyo nayo ina watu. Kuna familia zinazohamia shambani kwa miezi, watoto wako juu ya dungu wanaamia ndege wakati wenzao wako darasani. Kuna mama anayeuza mpunga ungali haujakomaa kwa sababu kuna mgonjwa ndani. Kuna lumbesa, gunia lenye kichwa, ambalo mnunuzi analihesabu moja na mkulima analibeba kama moja na nusu. Gunia hilo likifika Dar es Salaam halina jina la mtu. Miaka ya 1990 hata chandarua kiliuzwa bonde hili kikiwa na jina lake, Zuia Mbu. Mpunga wa aliyelala ndani ya chandarua hicho hauna.

Kama gunia halina nafasi ya jina, daftari linayo. Tusipoliandika sisi tuliozaliwa humu, nani ataliandika? Tunangoja mgeni aje na kamera?

Na msidhani najitoa. Usiku ule nilirudi nyumbani, nikamuuliza baba swali lile lile. Akaniangalia muda mrefu, kisha akasema, "Supa. Mwaka wa kumi na moja huu." Nimekula wali ule miaka yote kumi na moja. Sikuwahi kuuliza.

Kwa hiyo kikao kijacho mshikaji asome tena. Arudi kwenye insha ile ile, atupe jina la mtu mmoja aliyechuma naye mstari mmoja. Halafu avuke mto, akamuulize mama yake.

Hapo nitapiga makofi mpaka viganja viwake moto.