Sekunde moja iliyoangusha tovuti: Tatizo ni kuiamini saa kupita kiasi

Saa ya kompyuta inaweza kurudi nyuma? Ndiyo, na ikirudi kuna watu watakosa huduma.

Usiku wa kuamkia Januari 1, 2017, sekunde moja iliongezwa kwenye saa rasmi ya dunia ili iendane na mzunguko wa Dunia. Huku kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa 9 usiku. Kampuni ya Cloudflare ya Marekani ikajikuta matatani. Programu yake moja ilipima muda kwa kutoa saa ya mwanzo kwenye saa ya mwisho; jibu likaja chini ya sifuri, programu ikaanguka. Baadhi ya tovuti za wateja wake zikagoma kufunguka.

Kosa liko wapi? Waliamini saa huenda mbele tu. Kumbe saa ya mfumo hurekebishwa na mtandao, au hata na mtu.

Dawa ipo: ukitaka kupima muda uliopita, tumia kihesabu cha ndani kisichorudi nyuma. Saa ya kawaida ibaki kuonyesha tarehe. Lugha ya Go iliongeza kinga hiyo mwaka huohuo wa 2017.

Novemba 2022 mataifa yalikubaliana kuachana na sekunde hizo ifikapo 2035. Ni nafuu, ila tusibweteke: saa za simu na seva zitaendelea kurekebishwa. Mfumo wa malipo ukiyumba kwa sababu hiyo, anayekwama ni wewe uliyesimama dukani na simu mkononi.