Ziada Si Jina la Mnyama

Tarehe 9 Februari 2014, bustani ya wanyama ya Copenhagen, Denmark, ilimuua twiga dume mchanga kwa jina Marius. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa amemjeruhi mtu. Alipasuliwa mbele ya umati, watoto wakiwemo, kisha simba wakapewa nyama. Kosa lake? Damu ya ukoo wake ilikuwa imejaa tayari kwenye mpango wa Ulaya wa kuzalisha twiga. Akawekwa kwenye fungu la ziada.

Ugomvi wangu ni na hilo neno.

Kibao cha nje kitakuambia spishi, anakotoka na anachokula. Sawa. Lakini ofisini kuna upangaji mwingine. Kundi huandikwa kwa tarakimu, mfano 2.5.1: madume wawili, majike watano, mmoja jinsia haijulikani. Halafu kuna daftari la ukoo, ambalo hutumika kuamua nani azae, nani ahamishwe, nani hana kazi tena.

Sasa angalia. "Twiga" ni habari ya mnyama. "Dume" pia. "Ziada" ni habari ya mwenye bustani: nafasi yake, mipango yake. Lakini ikishaingia kwenye faili ya mnyama, inasomeka kana kwamba alizaliwa nayo, kama madoa.

Na Marius si wa mbali na sisi. Alikuwa wa aina ile yenye ngozi kama wavu, ambayo kwao ni kaskazini mwa Kenya, ukienda Samburu utawaona. Mwaka 2018, shirika la uhifadhi la IUCN liliwaweka twiga hao kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Kwa hivyo twiga wa aina moja huku ni adimu, kule ni ziada. Hebu niambie, ni mwili wa twiga uliobadilika ama ni mwenye kalamu?

Najua mtakachosema. Ndugu wakizaana, kizazi hudhoofika. Kweli. Simba lazima wale. Kweli pia, na mimi mwenyewe mbuzi choma siwezi kumwacha. Lakini bustani hiyo haikutaka kuwazuia twiga wake kushika mimba, ikisema kuzaa na kulea ni sehemu ya maisha yao ya asili. Hifadhi moja ya Uingereza ilipojitolea kumchukua, ikajibiwa kwamba nafasi hiyo ingemfaa zaidi twiga mwenye jeni za thamani kubwa. Yaani waliamua azaliwe, wakaamua asihame, kisha faili ikasema shida ni yeye.

Kama ni lazima muue, ueni. Lakini andikeni hivi: "Tulimwacha azaliwe tukijua huenda hatutamhitaji." Ni maneno mengi kuliko "ziada", ndiyo. Lakini angalau yanataja aliyeamua.